Nilivyomshitaki Mtani kwa Sababu ya Moshi

Mama yangu hakuwahi kuomba dohani. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kwa miaka mingi nimesimulia habari hii kana kwamba yeye ndiye aliyeitaka, na mimi, mtoto mwema, nikamtimizia. Alichoomba mama ni kuachiwa nyumba yake ya tembe, yenye paa la udongo na moto katikati, ambamo alikuwa amelala vizuri tangu alipoolewa. Mimi ndiye niliyeibomoa.

Nilikuwa nimemaliza darasa la kumi na mbili, jambo ambalo katika miaka ile ya hamsini lilimfanya kijana atembee kama amemeza rula. Nikapata kazi ya ukarani wa stoo Mbeya, nikanunua suruali mbili za kaki na kalamu ya wino, kisha nikaanza kuona haya juu ya kila kitu cha kwetu Iringa, nikianzia na paa la mama. Kwa likizo mbili nikamjengea nyumba ya matofali ya kuchoma na mabati, maili chache kupita Tosamaganga, mahali ambapo upepo wa Juni hauna adabu kwa mtu yeyote. Watu walikuja kuitazama. Ilikuwa nyumba nzuri sana ya kutazama. Kulala ndani yake kulikuwa kama kulala ndani ya debe.

Mama alivumilia mwaka mmoja, halafu akahamia jikoni, kibanda cha nje chenye paa la nyasi, karibu na mafiga na kuku. Nikija likizo alirudi nyumba kubwa kwa heshima yangu, akalala na blanketi mbili na koti la marehemu baba, na asubuhi akaniambia amelala salama. Kikohozi chake kilisema vingine.

Mtu mwenye akili angemjengea tena tembe yake. Mimi nikaikumbuka nyumba ya bosi.

Bosi wangu alikuwa Mzungu aliyekaa uzunguni, kwenye mteremko, na mara moja moja nilitumwa kumpelekea karatasi za kutia sahihi. Sikuwahi kuingia ndani. Nilisimama kwenye veranda ya nyuma nikaona kupitia dirishani moto ukiwaka ndani ya ukuta, kwa utaratibu, bila kumtoa mtu machozi. Kisha nikapanda kurudi kwenye barabara iliyopita juu ya nyumba ile, nikageuka na kuona moshi ukitoka kwenye mnara mdogo wa matofali pembeni ya paa. Basi. Hayo ndiyo yote niliyoyajua kuhusu dohani: moto wa dirishani, na paa nililolitazama kutoka mlimani. Kwa elimu hiyo nikachukua rula ya ofisi na karatasi ya ofisi, nikachora.

Fundi niliyemtumia mchoro alikuwa Mngoni aliyetoka Songea kufuata kazi, akaoa kijijini kwetu, akabaki. Alijua uashi kweli. Zaidi ya hayo alikuwa mtani wangu, kwa kuwa Wahehe na Wangoni tumekuwa watani tangu babu zetu walipochoka kuuana. Kwa wasioujua utani, ni hivi: mtani wako aweza kukutukana mbele ya mama yako, aweza kumtukana mama yako mbele yako, aweza kuchukua jogoo wako na kuondoka naye akiimba, na wewe unacheka. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa, na utalipa. Mtu huyu alikuwa akinitukana tangu nikiwa darasa la tisa, na sikuwa na rafiki aliyenipenda kuliko yeye.

Alinijibu kwa barua. Aliandika, "Mtani, dohani uliyochora ni fupi. Ikiwa chini ya mgongo wa paa, upepo utausukuma moshi urudi ndani kumsalimia mama. Na huku ndani umechora shimo tu. Moshi utapitaje, kwa kubisha hodi? Nani alikuchorea, yule mbwa mliyemla Krismasi?"

Nilipaswa kucheka na kumwachia kazi yake. Badala yake nikamjibu maneno mawili, "Fuata mchoro," nikatia sahihi, na chini ya sahihi nikaandika Karani.

Akaufuata. Toboa ukuta, akatoboa. Kata bati, akakata. Mnara ufike hapa, ukafika hapo hapo. Matofali yalishikwa kwa udongo badala ya saruji, kwa sababu saruji nayo niliikata kwenye hesabu ya vifaa. Siku moto ulipowashwa kwa mara ya kwanza, majirani walikuja wakiwa na viti vyao. Kwa maelezo ya mama, moshi ulipanda kidogo, ukafikiri, ukarudi. Wakatoka wote, wageni mbele, mama nyuma, na kuku wa mwisho akitoka anakohoa. Juu, pale dohani ilipotokea kwenye bati, palibaki mwanya wa kupitisha mkono.

Habari hizi nilizipata kwa barua aliyomwandikisha mwalimu wa dini. Mama hakulaumu mtu. Alisema amerudi jikoni, lakini nyasi za jikoni zimeoza, haziwezi kumaliza masika nyingine. Mvua ilikuwa karibu. Alichotaka ni kulala ndani ya nyumba yake kabla haijanyesha. Kama moshi utatoka au dohani itazibwa, kwake yote sawa.

Kilichohitajika ni mimi kuomba ruhusa ya siku nne na kupanda basi. Lakini ofisini nilikuwa nimejigamba. Makarani wote, na mpishi wa bosi pia, walijua kwamba mama yangu anaota moto wa ukutani kama bibi wa gavana. Walipouliza inaendeleaje, nikasema nimedhulumiwa na fundi na jambo liko mikononi mwa sheria. Neno hilo likawafurahisha. Walinipisha njia mlangoni. Sasa ilibidi niitafute hiyo sheria.

Nilianza juu. Mjini Mbeya kulikuwa na wakili mmoja, Mhindi mzee mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kumtazamia mteja. Nilikaa kwenye benchi lake asubuhi nzima nikiwa nimevaa tai. Aliponisikiliza, alivaa ule wa kumtazamia mteja. Akaniambia kwamba kesi ya namna hii ni ya baraza la wenyeji, na baraza la wenyeji haliruhusu wakili kutia mguu, hivyo hata nikiuza nyumba yenyewe kumlipa hawezi kunisaidia. Nikamuuliza nifanye nini basi.

"Huyo fundi ni mtu mbaya?" akauliza.

Nikasema hapana, ila kazi yake ni mbaya.

"Nenda ukazungumze naye," akasema. "Anza na salamu."

Hakunitoza hata senti. Ndiyo sababu nikaona ushauri wake hauna maana. Nilitoka nikimsema moyoni kwamba labda ni wakili wa mirathi tu.

Nikateremka daraja moja, nikafika sokoni. Pale, kando ya wauza viazi, alikaa mwandishi wa barua, askari wa zamani aliyerudi kutoka Burma na nishani na ujuzi wa kupiga taipu kwa vidole viwili. Taipureta yake iliwekwa juu ya sanduku la chai. Watu walimwendea kwa barua za mahari, za mipaka ya mashamba, za kuomba kazi. Alijitapa kwamba amewaandikia wachimba dhahabu wa Makongolosi malalamiko makali hata bwana mmoja mkubwa akaugua tumbo. Bei yake ilikuwa kwa ukurasa, nafuu kabisa, lakini mimi nilitaka kurasa nyingi.

Tulikaa Jumamosi mbili. Yeye aliweka maneno ya jeshi, mimi nikaweka maneno ya shule. Fundi akawa "mtu huyo aliyetajwa." Moshi ukawa "madhara." Kikohozi cha mama, ambacho kilianza mwaka mzima kabla ya dohani kuwapo, kikahamishiwa kwa dohani. Tukapeleka malalamiko kwa Bwana Shauri wa Iringa mwenyewe, Mzungu mkuu wa wilaya, nakala kwa hakimu wa baraza letu. Mzee wa taipureta akasema barua nzito huwa na kiambatisho. Nikauliza tuambatishe nini. Akasema chochote chenye mistari. Nikamtolea mchoro wangu, nakala safi niliyobaki nayo, akaubana nyuma kwa pini.

Mwishoni nikaona barua haina kishindo. Nikamwomba aongeze sentensi moja, nami ndiye niliyeitunga, wala simsingizii mzee wa taipureta, ambaye sasa ni marehemu: kwamba mtu huyo aliyetajwa, wala mtu mwingine awaye yote, asiguse kazi hiyo kwa namna yoyote mpaka shauri likatwe. Nilipenda sana ule mlio wa "awaye yote." Tukaipeleka posta pamoja, tukashikana mikono.

Siku ya tatu yake nikapata barua ya pili ya mama.

Mama, ambaye hakuona mlango wa shule, alikuwa ameshinda kesi bila kuifungua. Alikwenda nyumbani kwa fundi asubuhi, akaingia bila hodi kama mtani aingiavyo, akachukua mwiko wake wa kujengea, timazi lake na kofia yake ya Jumapili. Fundi alikuwa anakunywa uji akimtazama. Mama alimwambia vitu vyake atavipata siku moshi utakapokwenda mbinguni, na kwamba kofia ataivaa yeye kanisani akakae upande wa wanaume, ili padre aone Wangoni wameanza kuota matiti. Fundi alicheka mpaka uji ukampanda puani. Kesho yake akaja. Aliona mchoro wangu umebandikwa ukutani, akautukana vizuri, akaanza kazi upya kwa akili zake: akabomoa kichwa cha dohani, akafungua mabati mawili apate nafasi ya kuipandisha juu ya mgongo wa paa, akasema siku tano zatosha. Mwalimu wa dini aliongeza kwa hiari yake kwamba mama anaimba.

Nilisoma barua hiyo nikiwa stoo, nimekalia mfuko wa misumari. Nilijua vizuri kabisa la kufanya. Posta ilikuwa ng'ambo ya barabara. Telegramu ya maneno manne, "Nimefuta kesi, endeleeni kazi," ingefika Iringa kabla ya jua kuzama, na kuna mtu ambaye angeipeleka kijijini kwa baiskeli. Niliandika yale maneno manne nyuma ya stakabadhi. Halafu karani mwenzangu akaingia, akauliza, "Vipi, mwanasheria, Bwana Shauri kajibu?" Nikasema bado, nangoja. Nikaikunja ile stakabadhi. Nilijiambia nitakwenda kesho. Kesho nilikuwa na kazi nyingi. Kesho kutwa nikajiambia pengine barua yenyewe imepotea njiani.

Haikupotea. Hakimu wa baraza letu alikuwa mtu mpole anayependa kusinzia, lakini alipoona kwamba barua ya kwanza imekwenda boma kwa Bwana Shauri na yake ni nakala tu, usingizi ulimtoka. Akatekeleza kila neno. Tarishi wa baraza alimkuta fundi juu ya paa na tofali mkononi. Akamsomea kutoka chini, kwa sauti, mpaka "awaye yote." Mama aliniambia baadaye kwamba fundi aliuliza swali moja tu, kama kweli jina lililo chini ni langu. Tarishi akamwonyesha sahihi. Fundi akaliweka tofali mahali pake, akashuka ngazi, akaomba mwiko na timazi na kofia, na mama akampa. Mabati mawili yalibaki yamefunguliwa. Mama alitaka kuwaita vijana wayafunge, tarishi akakataza: awaye yote.

Mvua ilianza wiki iliyofuata. Shauri lilikuwa limepangwa wiki mbili mbele.

Nilipofika kijijini, ukuta wa dohani haukuwapo. Udongo uliokuwa ukishika matofali ulikuwa umeloa ukawa uji, na mchana mmoja ukuta wote ulilala juu ya kitanda cha mama na sanduku lake la nguo. Yeye alikuwa jikoni, ambako nyasi nazo zilikuwa zinavuja, akihamisha mafiga kutoka pembe hadi pembe. Nilimkuta amejifunika ngozi ya ng'ombe. Nikamwamkia. Akaniitikia, akaniuliza habari za Mbeya, akanipa kigoda mahali pakavu, na kwa kuwa palikuwa na sehemu moja tu kavu, yeye akasimama.

Nikasema, "Mama, kesi ni keshokutwa."

"Nimesikia," akasema. "Utavaa tai?"

Nilivaa tai. Baraza lilijaa, kwa sababu mvua ilikuwa imewazuia watu kwenda mashambani na kesi yangu ilikuwa imetangazwa na tarishi kila kilabu cha pombe. Hakimu alisoma barua yangu yote, akipumzika kila ukurasa. Wazee wa baraza, watatu, walisikiliza kwa heshima mpaka mmoja akainua mkono na kuuliza kama huyu aliyetajwa siyo yule Mngoni wetu. Akaambiwa ndiye. Mzee akanigeukia.

"Umemshitaki mtani?"

Nikasema nimemshitaki fundi.

"Fundi yupi? Mimi naona mtani."

Walianza kucheka wazee, kisha baraza zima. Hakimu alifuta machozi kwa barua yangu. Nilisimama pale na tai yangu nikingoja wamalize, na kwa pembe ya jicho nikamtazama fundi, kwa kuwa katika maisha yangu yote hakuna kicheko kilichowahi kunipata bila yeye kukiongoza. Hakuwa anacheka. Alisimama mikono nyuma, ameshika kofia mkononi, kama mtu anayengoja kupimwa ukoma.

Alipoulizwa anajibu nini, alisema alifuata mchoro, na kwamba mchoro uko hapo nyuma ya barua. Hakuutukana. Hakimu akaufungua, wazee wakauinamia. Mzee mmoja akauliza moshi unapita wapi. Nikaeleza. Akauliza tena. Safari ya pili nikarekebisha tai.

Hukumu haikuchukua muda. Fundi hana kosa, amefanya alichoagizwa na mwenye nyumba. Mwenye nyumba, kwa kukasirikia utani na kuupeleka mpaka kwa Wazungu, alete ulanzi, pombe ya mianzi, wa kutosha baraza, anywe na mtani wake mbele ya watu, jambo liishe. Hiyo ndiyo desturi, na kwa kweli ilikuwa hukumu ya huruma. Ni kama kuambiwa na padre usali Baba Yetu mara moja tu. Nilishukuru. Ulanzi ukaletwa, majira yake yalikuwa ndiyo yameanza. Nikajaza kikombe, nikampelekea kwa mikono miwili, nikamwambia neno nililokuwa nimeliandaa, kuhusu babu yake na namna alivyokimbia vita akaacha nguo.

Hakukipokea.

"Utaniwia radhi, bwana," akasema. "Mimi hapa ni mshitakiwa. Mshitakiwa hanywi na mshitaki."

Mzee wa baraza akamwambia kesi imekwisha. Akasema anajua, anashukuru, akaomba ruhusa kuondoka kwa sababu kuna mama ananyeshewa. Na kweli akaenda moja kwa moja kwetu. Kabla ya giza alikuwa ameziba jikoni kwa mabati yale mawili. Wiki zile zile, mvua ikimpa nafasi, akabomoa kilichobaki cha nyumba yangu upande ule, akamjengea mama chumba kimoja cha tembe, paa la udongo, moto katikati, bila mchoro. Nilipomtumia malipo kutoka Mbeya yalirudi, pamoja na barua fupi yenye adabu kamili, tarehe juu kulia.

Mama alilala ndani ya chumba kile mpaka alipofariki, na kikohozi kilimwacha. Hakuwahi kunilaumu, mara moja tu aliniuliza kwa nini sikupeleka telegramu, maana barua yake alijua ilifika. Nikamwambia nilikuwa na kazi nyingi. Akasema, "Ndiyo, kazi," akaendelea kupepeta ulezi.

Likizo iliyofuata nilimkuta fundi uani kwetu, amekuja kumsalimia. Nilisikia tokea njiani wakitukanana, yeye na mama, matusi mabichi ya kuwafanya kuku waone haya, na kicheko cha mama kikipasuka kama zamani. Nikaharakisha. Nilipotokea, fundi aliinuka, akanipisha kigoda. Nikakataa kukaa. Nikamwita mwizi wa majogoo, mwana wa waliokimbia, nikamwambia pua yake ndiyo ingefaa kuwa dohani. Nilikuwa nimeyafikiria maneno hayo ndani ya basi tangu Mbalizi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesomewa tangazo.

"Asante, bwana," akasema. "Poleni na safari. Huko Mbeya hawajambo?"

Nikamwambia hawajambo.